Kabla ya kuigiza lafudhi ya shosho, wajue Sid Caesar na wenzake

Umewahi kutoa mzaha kuhusu watu wenu, umati ukacheka, halafu ukashtuka kwamba wanachokicheka si mzaha bali ni nyinyi?

Mimi yalinipata. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache hivi, kazi sina, nikaamua kujaribu uchekeshaji. Usiku mmoja nikapanda jukwaani na kuigiza lafudhi ya shosho wangu akibishana na makanga kuhusu chenji, akapunjwa na asijue. Watu walivunjika mbavu. Nikitoka nje, jamaa mmoja akanifuata, akaniigizia lafudhi ile ile, kisha akasema, "Kumbe hata wewe unajua watu wenu ni washamba." Nilirudi nyumbani kimya.

Tangu hapo nimekesha YouTube nikitazama wachekeshaji Wayahudi wa Marekani. Kwa nini hao? Kwa sababu swali langu walikutana nalo zamani, na kwao halikuwa mchezo.

Anza na Sid Caesar, aliyezaliwa 1922 kule Yonkers, karibu na jiji la New York. Wazazi wake, wahamiaji wa Kiyahudi, walikuwa na mkahawa. Wateja walikaa kwa lugha: Waitaliano meza yao, Warusi yao, Wapolandi yao. Kijana Sid akipita kati ya meza anasikiliza mdundo wa kila lugha, kisha anawarudishia sauti zile zile bila neno hata moja lenye maana. Wateja wenyewe wanacheka. Kipaji hicho baadaye kilimfanya nyota wa runinga.

Mwaka wa 1950 stesheni ya NBC ilianzisha kipindi Your Show of Shows. Kila Jumamosi, dakika 90, moja kwa moja. Ukisahau maneno yako, nchi nzima imeona! Mbele ya kamera alikuwa Caesar na Imogene Coca, pamoja na Carl Reiner na Howard Morris. Katika chumba cha waandishi kulikuwa na kina Mel Brooks, Mel Tolkin, Lucille Kallen na Neil Simon. Wengi wa waandishi hao walikuwa Wayahudi.

Lakini sasa tazama vichekesho vyenyewe. Ni nadra kusikia mtu akitajwa kuwa Myahudi. Kumbuka ilikuwa miaka mitano tu baada ya vita ambavyo Wanazi waliua Wayahudi milioni sita. Basi wakaingiza kwao kupitia mlango wa nyuma. Katika kichekesho kimoja cha kudhihaki filamu za Kijapani, Caesar anaitwa Taka Meshuga. Wengi walisikia Kijapani cha uongo. Lakini mtu aliyekulia nyumba inayozungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, alisikia "kichaa kweli kweli". Ni kama wewe kurusha neno la sheng mbele ya mwalimu mkuu: wote wanacheka, lakini wewe na mbogi yako mnacheka mara mbili.

Mel Brooks na Carl Reiner walikuwa na mchezo mwingine, ila huo waliuficha. Reiner anajifanya mwanahabari, Brooks anajifanya mzee wa miaka 2,000 mwenye lafudhi nzito ya wazee wa Kiyahudi. Ameona historia yote, ana maelfu ya watoto, na bado analalamika kwamba hakuna anayemtembelea. Kwa takriban miaka 10 waliuigiza kwenye karamu za marafiki tu. Waliogopa. Lafudhi ile kwao ilikuwa sauti ya nyumbani, lakini kinywani mwa anayechukia Wayahudi ilikuwa rungu. Ni 1960 ndipo walipokubali kuurekodi, baada ya Steve Allen, mtangazaji maarufu wa runinga, kuwasukuma waingie studio.

Nilisimamisha video hapo. Yule jamaa wangu wa nje ya ukumbi? Brooks alimwogopa muongo mzima.

Kisha mambo yakafunguka. 1975 Lorne Michaels, Myahudi aliyekulia Toronto, alianzisha Saturday Night Live. Miongoni mwa waigizaji wa kwanza alikuwa Gilda Radner, ambaye mwaka wa 1980 aliigiza tangazo bandia la jinzi za msichana wa Kiyahudi. Anacheka matangazo, ama anacheka wasichana wa kwao? Hilo bado unaweza kubishana na wenzako. Mwaka wa 1994, kwenye kipindi hicho hicho, Adam Sandler alishika gitaa akaimba kuhusu Hanuka, akiwataja mastaa ambao ni Wayahudi, kwa ajili ya mtoto anayejiona mpweke mtaa mzima ukisherehekea Krismasi. Mtoto huyo hakuchekwa. Aliambiwa hayuko peke yake.

Sasa rudi kwa mzee wa Brooks umsikilize vizuri. Lafudhi ni nzito, ndiyo, lakini yeye ndiye mwenye majibu yote. Aliye na Kiingereza safi ndiye anayebaki kuuliza maswali. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Lafudhi ya shosho haikuwa na shida. Mimi ndiye niliyemwandikia shosho nafasi ya mjinga.

Kwa hivyo nimeandika upya. Siku hizi shosho anahesabu chenji haraka kuliko makanga, anamdai shilingi tano yake mbele ya abiria wote, na lafudhi ni ile ile. Kabla ya kuipeleka jukwaani, nilimwigizia yeye mwenyewe sebuleni kwake. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanirekebisha matamshi.

Wewe je, huo mzaha wako, wa kwenu wameusikia?