Kezilahabi: Msomi Aliyefyeka Njia Mpya

Marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, alikuwa mhakiki aliyethubutu pia kutunga. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), inayoonyesha jinsi ukali wa baba ulivyomponza binti, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Diwani yake Kichomi (1974) ikaacha vina na mizani. Wanamapokeo wakadai hayo si mashairi. Yeye akaendelea kutunga na kutafiti, akapata shahada ya udaktari Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, akafundisha Dar es Salaam na Botswana. Alifariki mwaka 2020. Kijana wa Ukerewe au Kitandililo atungaye leo shairi huru hupita njia aliyoifyeka. Wazazi, tusikiharamishe kitabu kabla ya kukisoma.