Kuunguza Uvimbe wa Ini kwa Sindano Inayoongozwa na Picha

Saratani inayoanzia katika ini imeenea Afrika Mashariki kwa sababu mbili hasa: virusi vya homa ya ini ya aina B, na sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Aghalabu ini la mgonjwa huwa limekwisha kukakamaa kwa makovu, na ini la namna hiyo halivumilii kukatwa. Hapo ndipo inapofaa njia ya kuuunguza uvimbe papo hapo ulipo.

Sindano ndefu hupenyezwa katika ngozi hadi katikati ya uvimbe, kisha hupitishwa mkondo wa umeme unaokwenda na kurudi mara 400,000 hadi 500,000 kila sekunde. Ioni zilizomo katika seli hutikiswa huku na huko, zikasuguana na kutoa joto. Seli zikifikia nyuzi 60 za Sentigredi hufa mara moja. Mtu angedhani kwamba joto likizidi ndivyo bora, sivyo. Likipita nyuzi 100, maji huchemka, nyama huwa makaa, na makaa huuzuia mkondo. Kazi husimama ilhali kingo za uvimbe zingali hai.

Hata hivyo, ugumu mkubwa si joto bali ni kuona. Mashine ya mawimbi ya sauti huonyesha sindano ikisogea, lakini joto linapopanda hutokea viputo vya gesi vinavyorudisha sauti, na uvimbe hufunikwa na wingu jeupe. Picha za vipande zinazotengenezwa kwa eksirei na kompyuta, ambazo Hounsfield alizitumia kwa mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971, ni bayana zaidi, ila hazionyeshi mwendo. (Cormack, aliyeshirikiana naye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, alianza hesabu za jambo hilo Cape Town.) Siku hizi kompyuta huweza kuziunganisha picha hizo mbili, kwa kufuata mahali kilipo kifaa cha mkononi kwa nguvu ya sumaku. Lakini mgonjwa akivuta pumzi ini huteleza, na picha zikaachana.

Tena kuna mishipa ya damu. Mshipa wenye upana unaozidi milimita 3 huchukua joto na kwenda nalo, ukaacha ukingo wa seli hai kandokando yake. Kwa hiyo daktari hukusudia kuunguza milimita 5 hadi 10 kupita mpaka wa uvimbe. Uvimbe usiozidi sentimita 3 mara nyingi huteketea wote. Mkubwa zaidi huelekea kurudi.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitalini wakati kipimo hicho kimekwisha kupitwa. Mtu ambaye ini lake limekakamaa hupaswa kupimwa kila baada ya miezi 6, kwa mashine ya mawimbi ya sauti kama ile inayotumika kwa wajawazito.