Samaki Mkavu Naye Hukunjika

Husemwa, samaki mkunje angali mbichi. Lakini amfundishaye mtu mzima amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12 vilazwavyo juu ya magogo ya mgomba, huona jambo jingine. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana: omunazi huanza, omwawuzi hupenyeza mapigo yake katikati. Askari mstaafu, aliyezoea kupiga hatua pamoja na wenzake, hapo hukosea, akaona haya mbele ya wajukuu. Mwalimu asimcheke, apunguze mwendo, arudie. Siku mapigo yakaapo sawasawa, husikika wimbo ambao hakuna kati yao aupigaye peke yake. Mzee huinua uso na kutabasamu. Wajukuu huomba kujaribu. Huo, ndugu msomaji, ndio ujira wa mwalimu.