Maji Yanang'aa, Samaki Wanakufa

Wiki ya kwanza huwa ya raha. Tangi la lita 60 limewekwa sebuleni, taa inawaka, gapi na neoni wanazunguka, watoto hawabanduki kwenye kioo. Wiki ya pili samaki wanapanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema kwa kasi. Kisha wanaanza kuopolewa mmoja mmoja. Mwenye tangi anaapa kwamba maji yalikuwa safi, na hasemi uongo: ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Ila sumu iliyowaua haina rangi.

Sumu hiyo ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua muda wote anapohema, na chakula kilichozama na kuoza huiongeza. Ziwani maji ni mengi, inapotea. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda, isipokuwa wawepo bakteria wa kuila. Baadhi yao huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huizuia damu kubeba oksijeni hadi ikawa ya kahawia. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali hayo. Mimea hutumia sehemu ya nitrati, na inayobaki unaimwaga unapobadilisha maji.

Sergei Winogradsky alieleza kazi ya bakteria wa aina hii mwaka 1890, akiwa Zurich. Kwa miongo mingi vitabu vya wafugaji vikawa vinamsifu Nitrobacter kama mlaji wa nitriti. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichunguza matangi ya maji baridi wakakuta kazi hiyo inafanywa na jamaa wa Nitrospira; sifa zilikuwa zikienda kwa asiyehusika. Mwaka 2015 ikabainika kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao, na kundi moja la watafiti liliwapata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa huzaana polepole. Tangi jipya huhitaji takriban wiki nne hadi sita kabla halijawa tayari, na muda huo ni bora lisiwe na samaki hata mmoja. Washa chujio, tia punje chache za chakula zioze, pima maji kwa vipimo vya matone. Amonia ikipanda kisha ikashuka hadi sifuri, na nitriti ikafuata njia hiyohiyo, nenda kanunue samaki, tena wachache. Ukipata kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi zima la rafiki, muda hupungua sana, kwa sababu bakteria wengi huishi wameng'ang'ania sponji na changarawe, si ndani ya maji. Ndiyo maana kuosha sponji chini ya bomba ni kosa kubwa: klorini inawaua. Ikamue taratibu kwenye ndoo ya maji uliyoyachota tangini humohumo.

Sasa tuje kwenye pH, ambayo wauzaji wengi huiruka. Amonia huwa na sura mbili majini, moja kali na nyingine karibu haina madhara, na pH ndiyo huamua ipi itawale. Katika nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya sura ile kali. Kwenye pH 8 hufika kama asilimia 5, na kwenye pH 9 hupita theluthi. Joto nalo huisukuma juu. Kwa hiyo anayetumia maji ya kisima kwenye miamba ya matumbawe, Zanzibar au Mombasa, maji magumu yenye pH ya juu, ana nafasi ndogo ya kukosea kuliko mwenye maji laini.

Hapo pia ndipo penye jibu la vifo vinavyowachanganya watu. Tangi limekaa miezi bila kubadilishwa maji. Kazi ya bakteria huzalisha asidi, pH inashuka, bakteria wenyewe wanazorota na amonia inarundikana katika sura yake ya upole. Samaki wanaonekana wazima. Siku mwenyewe anapoamua kufanya usafi wa nguvu, anamimina maji mapya ya pH 8, na ile amonia inageuka kali ndani ya muda mfupi. Asubuhi analaumu maji ya bomba. Robo ya maji kila wiki, yaliyoondolewa klorini, ingemwepusha na haya yote.

Chagua samaki kwa kuangalia maji uliyonayo. Gapi, moli na plati huyapenda maji magumu. Neoni asili yake ni maji laini ya Amazon, na hutaka wenzake wasiopungua sita. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9, ni wazuri ajabu, lakini ni wagomvi. Sioni sababu ya anayeanza kuwachanganya na wengine.

Umeme ukikatika, usilishe. Pampu ndogo ya hewa ya betri huokoa maisha, maana maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni kidogo. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya chujio la kopo na usuuze sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe: humo ndani oksijeni ilikwisha, sehemu ya bakteria imekufa, na uchafu huo haufai kurudi tangini.