Tiba Shufaa (4): Anayeuguza Naye Atazamwe

Katika mfululizo huu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wa maradhi mazito, wiki iliyopita tuliishia London, kwa daktari Cicely Saunders na kituo chake cha tiba hiyo, St Christopher's, kilichofunguliwa mwaka 1967. Leo nilikusudia kuwazungumzia wanaouguza ndugu zao majumbani. Hata hivyo, kifo cha Dkt. Anne Merriman, aliyefariki Kampala mwezi Mei 2025, kinanidai nianze na yeye, kwani hakuna aliyewafaa wauguzaji wa nyumbani wa Afrika Mashariki kuliko mama huyu.

Merriman alizaliwa Liverpool mwaka 1935, akaitumikia Nigeria akiwa mtawa na daktari. Baadaye alifanya kazi Singapore, na huko ndiko yeye na wafamasia walikopata njia nyepesi ya kutengeneza mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali: unga wa mofini, maji, na kiasi kidogo cha dawa ya kuihifadhi isiharibike. Haihitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Alipitia Nairobi, na mwaka 1993 akaanzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda, wakati Ukimwi na saratani vilipokuwa vikiwarudisha watu vijijini kufia mikononi mwa mama na dada zao.

Tazameni hekima iliyomo katika chupa ya mofini hiyo. Dawa hutiwa rangi kulingana na nguvu yake: ya kijani ndiyo hafifu, ya buluu ndiyo kali kabisa. Bibi asiyejua kusoma hawezi kuzichanganya. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, lakini dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili ile ya usiku wa manane isihitajike. Mgonjwa hulala, na anayemuuguza hulala. Huyo wa pili alifikiriwa tangu dawa ilipopangwa! Kisha mwaka 2004 Uganda ikarekebisha kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imethubutu hivyo kabla yake.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu funzo hili la kumfikiria anayeuguza tunalisahau. Tunamwona binti ameacha biashara yake ya genge ili amgeuze mama yake aliyepooza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Tunamwambia Mungu atakulipa, tunaaga, tunakwenda zetu. Ndugu walioko mjini wanatuma fedha ya dawa na kujiona wamemaliza wajibu. Huo si utu. Dua ni njema, lakini haifui mashuka.

Serikali zetu zihakikishe mofini ya kunywa inafika hospitali za wilaya, na wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe kumuuliza anayeuguza: umelala? umekula? mgongo wako u hali gani? Wamfundishe kumnyanyua mgonjwa bila kujiumiza na kumlisha bila kumpalia. Haya hayahitaji majengo mapya.

Nawe msomaji, kama katika ukoo wenu yuko anayeuguza peke yake, usingoje kikao cha familia. Nenda ukashike zamu ya usiku mmoja, umwache alale hadi asubuhi, kisha upange na ndugu zako nani atafuata.