Umenunua RAM ya 3200 Lakini Inasoma 2133? Cheki Hivi Vitu Kabla Umrukie Muuzaji

Kama duka la kompyuta liko hapo nje kwenu, RAM ikikataa unairudisha kabla ya lunch. Lakini kama uko Lafey, kule Kaunti ya Mandera, hiyo RAM imetoka Nairobi na basi, ikakula barabara ya Garissa na Wajir hadi ikakufikia. Kuirudisha ni doo zingine na siku zingine. So kabla uanze kelele kwa simu, tulia. Mara nyingi RAM iko sawa.

Anza hivi: finya Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance, kisha Memory, usome Speed. Kama unatumia CPU-Z na inaonyesha 1600, hujaibiwa. RAM za DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hivyo hiyo 1600 ndiyo 3200 yako.

Kama Task Manager yenyewe inasema 2133, watuhumiwa ni watatu.

Wa kwanza ni prosesa. Chukua HP EliteBook 840 G3, ile imejaa kwa soko la mitumba. Core i5 yake ya kizazi cha 6 haipiti 2133 kwa DDR4. Hata i5-8250U ya kizazi cha 8 mwisho wake ni 2400. Ukiweka 3200 itafanya kazi fiti, lakini itashuka hadi kiwango cha prosesa. Hapo hakuna setingi ya kukuokoa.

Wa pili ni mchanganyiko. Ukiweka RAM ya 3200 kando ya ile ya zamani ya 2133, zote zinaenda 2133. Ni kama msafara wa ngamia: mwendo unaamuliwa na yule wa pole. Lakini usikimbilie kutoa ile ya zamani, juu RAM mbili zikisaidiana mara nyingi zinashinda moja yenye mbio.

Wa tatu ni XMP, na huyu anasumbua watu wa desktop. RAM nyingi za magemu huanza na 2133 au 2400 hadi uwashe XMP kwa BIOS. Washa mashini ukifinya Delete au F2, tafuta XMP (kwa mashini za AMD inaweza kuitwa DOCP au EXPO), iwashe, usevu. Ila mazabodi za H310 haziendi juu ya 2666 hata ubembeleze. Mashini ikikataa kuwaka baada ya hapo, chomoa stima, toa ile betri ndogo ya mazabodi kwa dakika kadhaa, kisha irudishe. Setingi zitarudi za kiwanda.

Next time, kabla utume M-Pesa, soma jina kamili la prosesa yako na uangalie kwa tovuti ya waliolitengeneza inakubali RAM ya kasi gani. Kama mwisho ni 2400, usilipie 3200 kwa bei ya juu. Hiyo chenji ongeza GB. Kutoka 8 hadi 16 utaisikia. Hiyo mbio ya ziada mashini yako haitaiona kamwe.