Chakula cha Asubuhi cha Mtoto Katika Mikoa Yenye Mahindi Tele

Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa huhesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula ya Tanzania. Mahindi yake huwalisha watu wa mijini ambao hawajapata kulishika jembe. Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2022 ulionyesha kwamba mikoa hiyo hiyo mitatu ndiyo iliyoongoza kwa udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30, lakini Iringa ilikuwa na asilimia 57 hivi, na Njombe na Rukwa zilikaribia nusu ya watoto wote. Mtoto mdumavu ni yule ambaye kimo chake kimepungua mno kikilinganishwa na umri wake. Huo si ufupi wa ukoo, kama wazee wengi wanavyodhani. Ni ukuaji uliokwama, na sehemu kubwa ya kukwama huko hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, wakati ambapo ubongo nao unajengwa.

Sababu zake ni nyingi. Yako maradhi ya kuhara, yako maji yasiyo safi, na iko kazi nzito ya mama mjamzito. Mambo hayo hayawezi kumalizwa na kaya moja. Lakini sufuria ya asubuhi imo mikononi mwa kila mwanachama, nayo ndiyo inayostahili kuangaliwa hapa.

Kwa kawaida mtoto wa mkulima huamka akapewa kikombe cha uji mwepesi wa sembe uliotiwa sukari kidogo, au chai ya rangi na kipande cha kiazi. Kisha mama hushika njia ya shambani, na mtoto hubaki na nduguye mkubwa mpaka saa saba au saa nane mchana. Chakula cha mchana ni ugali na mboga, na cha jioni ni vivyo hivyo. Hivyo mtoto ameshiba mara tatu, na jirani yeyote atashuhudia kwamba hakulala njaa. Tumbo limejazwa, lakini mwili haukupata vifaa vya ujenzi.

Inafaa hesabu ifanywe, kwa kuwa makatibu wa vyama ni watu wa hesabu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hubeba kiasi cha mililita 250 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha chai. Uji mwepesi wa kawaida una sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji; kwa hiyo katika kikombe hicho mna gramu 25 tu za unga, ambazo hutoa nguvu ya kalori 90 hivi. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anayeendelea kunyonya huhitaji karibu kalori 550 kila siku kutoka katika vyakula vingine, mbali na maziwa ya mama. Kwa uji wa namna hiyo ingemlazimu anywe vikombe sita kwa siku, jambo lisilowezekana, na hata akivinywa atakuwa amepata mahindi matupu. (Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hahusiki na hesabu hii; yeye hupewa maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji.)

Mtu aweza kusema: basi unga na uongezwe. Hapo ndipo penye tatizo. Unga ukiongezwa mara mbili, uji hugeuka kuwa mzito kama ugali mlaini, na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Mama humwongezea maji, na hesabu inarudi pale pale. Wanga ukipata moto huvimba na kunywa maji mengi, na hiyo ndiyo asili ya uzito wa uji.

Dawa ya tatizo hilo imo vijijini tangu zamani, na wenye kuijua hasa ni wapikaji wa togwa. Kila mpika togwa anafahamu kwamba uji mzito ukitiwa unga wa kimea hulegea mbele ya macho yake. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachokatakata wanga, na wanga uliokatwa hauwezi tena kuyashika maji. Mwaka 1983 wataalamu Mosha na Svanberg walichapisha utafiti wao kuhusu uji wa watoto uliotengenezwa kwa nafaka zilizooteshwa, na tangu hapo jambo hili limeandikwa mara nyingi katika vitabu vya lishe. Ajabu ni kwamba limebaki vitabuni kuliko lilivyoingia katika masufuria ya watoto, ingawa kimea chenyewe hakikosekani penye pombe.

Namna ya kukitengeneza ni hii. Ulezi huchaguliwa na kuoshwa, ukalowekwa usiku kucha, kisha ukachujwa na kufunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu mahali pasipo jua kwa siku mbili au tatu. Ukishaota huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, ukapurwa ili vijimizizi vitoke, ukasagwa. Mtama nao huota vizuri, lakini machipukizi yake yana sumu, hivyo kwa mtoto ni salama zaidi kutumia ulezi. Asubuhi mama hupika uji mzito kwa unga maradufu, akauepua, akauacha upoe kidogo hadi mvuke mkali upungue, ndipo akatia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa bakuli la mtoto na kukoroga. Kimea kikitiwa uji ungali unachemka hufa na hakifanyi kazi. Baada ya dakika chache uji hulegea. Basi urudishwe motoni uchemke tena kidogo, kwa maana kimea huja na vijidudu vyake. Sasa kikombe kile kile kina gramu 50 za unga na kalori 180, na mtoto anakimeza bila taabu.

Togwa yenyewe, ikiwa ya siku moja na ikatengenezwa kwa usafi, ni kinywaji kizuri kwa mtoto aliyekwisha kuzoea vyakula vingine. Uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya kuhara. Ikikaa siku kadhaa huanza kuwa pombe, na hapo si chakula cha mtoto tena. Ulanzi ni pombe moja kwa moja. Ukinywewa na mtoto kwa kisingizio cha kumtuliza wakati wa kazi, unamdhuru.

Lakini nguvu peke yake haimrefushi mtoto. Shuleni wengi walifundishwa kwamba viko vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Uji wa mahindi ni wa kundi la kwanza tu. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kupondwa laini huongeza mafuta na protini, na kalori nyingine zipatazo 90. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, maana humkaba. Mahali pa sehemu ya maji pakitiwa maziwa yaliyochemshwa, uji hubadilika kabisa. Yai moja lililopigwa na kukorogwa katika uji unaochemka mpaka liive halionekani wala halisikiki. Dagaa waliochambuliwa, wakakaangwa bila mafuta na kupondwa kuwa unga, hufaa zaidi katika kiazi kilichopondwa kuliko katika uji wenye sukari, na watoto wengi hukipenda kiazi hicho kuliko mama zao wanavyotarajia.

Hapa yafaa kusemwa jambo ambalo wanachama hawapendi kulisikia. Maziwa, mayai na karanga si vitu vigeni katika nyumba hizi. Vimo, ila huondoka alfajiri. Maziwa ya asubuhi yote hupelekwa kituo cha kukusanyia, mayai hungoja mchuuzi, na karanga huuzwa gunia zima. Nusu lita ikiuzwa, fedha yake hurudi nyumbani ikiwa sukari, majani ya chai na maandazi, na mtoto wa mwenye ng'ombe anakunywa chai ya rangi. Hakuna mwenye akili atakayemkataza mkulima kuuza mali yake. Ushirika wenyewe uliundwa kwa ajili hiyo. Ila kikombe kimoja cha maziwa kwa siku kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, na mayai matatu au manne kwa juma, ni vitu vinavyoweza kutengwa kabla ya kopo kufungwa na kapu kubebwa. Kinachotengwa mwanzo hupatikana. Kinachongojwa kibaki hakibaki. Iko pia imani katika sehemu kadhaa kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema. Haina msingi wowote.

Chai ya rangi inastahili maneno yake, hasa katika mikoa inayoilima. Ni zao zuri na kinywaji cha watu wazima. Lakini ukali wake huyashika madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na maharage, yasiingie mwilini, na upungufu wa damu kwa watoto ni tatizo la siku nyingi. Chungwa, pera, papai au embe hufanya kinyume chake: likiliwa pamoja na chakula husaidia chuma kiingie. Kipande cha papai mahali pa kikombe cha chai ni badiliko lisilogharimu kitu penye mpapai uani.

Kuna desturi mpya ya kununua au kusagisha unga uitwao wa lishe, wenye mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga vyote pamoja. Wingi wa majina hauongezi lishe. Nafaka tano ni nafaka tu, na kila moja huiva kwa wakati wake. Karanga zikisagwa na unga huchacha upesi na kuleta ladha ya ukakasi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isitumike mwilini, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwa kabla ya kusagwa. Nafaka moja na jamii moja ya kunde yatosha, na karanga zitiwe sufurianini siku ya kupika.

Wala si lazima kila asubuhi iwe ya uji. Mtoto aliyeota meno huchoshwa na kitu kimoja kama mtu mzima. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi inayolinda macho. Boga lililopikwa kwa karanga, ndizi zilizopondwa na maziwa, magimbi na maharage ya jana, vyote hivyo ni vifungua kinywa halali. Makande ya kiporo ni chakula bora kuliko andazi, mradi yachemshwe upya mpaka moto ufike ndani, na kwa mdogo yapondwe. Njombe siku hizi kuna parachichi nyingi. Zile zinazokataliwa na mnunuzi kwa ajili ya udogo au mikwaruzo hazina kasoro yoyote tumboni. Nusu ya parachichi iliyopondwa ina mafuta mema kuliko yale ya kukaangia, na haihitaji kuni.

Mahindi na karanga vyenye ukungu visiingie katika chakula cha mtoto hata kidogo. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kutobolewa zichaguliwe na kutupwa, wala zisipelekwe kusagwa eti kwa kuwa ni za uji.

Chama cha msingi chaweza kufanya nini? Mkoa wa Iringa, uliokuwa wakati huo pamoja na Njombe, una historia yake. Kuanzia mwaka 1983 ulifanyika mpango wa lishe wa Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ulioanzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, wanaume wakiwemo. Jambo hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito, kwa sababu mwenye kuamua kiasi cha kuuza mara nyingi si yule anayepika.

Mkutano wa wanachama kabla ya msimu wa ununuzi ndio mahali pake. Hapo kila kaya yaweza kuhesabu debe za karanga na maharage za kubakiza mpaka mavuno mengine, kama inavyohesabu mbegu. Katibu aweza kumwalika mganga wa zahanati ya karibu aje na takwimu za kliniki za kijiji hicho hicho. Vyama vyenye mashine ya kusaga vyaweza kutenga siku moja ya juma kwa kimea na unga wa watoto, mashine ikiwa imesafishwa. Tena saa za kupokea mazao zikisogezwa mbele kidogo, mama hatalazimika kuondoka nyumbani kabla ya moto kuwashwa.